Madam, hii si ndio ile ya wahuni?

Nianze na madawati. Ingia darasa lolote la sekondari hapa Mwanza, nenda kakae dawati la nyuma kabisa, angalia mbao yake. Ni majina tu. Yamechimbwa kwa ncha ya bikari, mengine yamekolezwa kwa wino wa bluu mpaka wino umezama, kuna moyo una mshale, kuna Simba na Yanga wanatukanana, kuna jina la mtu aliyemaliza kidato cha nne hawa waliopo saivi hawajaanza hata chekechea. Ukienda chooni utakuta wametumia mkaa. Ukipanda kule kwenye mawe, Mabatini au Igogo, utakuta rangi kabisa, mmoja kaandika tangazo la mkutano wa injili, chini yake mwingine kaandika fulani anampenda fulani, chini yake tena fundi wa kuchimba visima kaweka namba ya simu. Kwahiyo mtu akinilaumu kwamba nimewaletea watoto tabia ya kuandika ukutani huwa nacheka tu, mimi sijaleta kitu, hawa wanaandikaga tangu zamani. Nilichowaambia ni kwamba kama mnaandika basi andikeni vizuri.

Mimi kwa kawaida nafundisha Kiswahili. Sanaa niliangushiwa. Siku moja nilimshikia mwenzangu kipindi cha Jiografia nikachora ramani ya Afrika ubaoni bila kuangalia kitabu, habari zikafika ofisini, wakasema huyu ndio mwalimu wa sanaa tuliyekuwa tunamtafuta. Vifaa hakuna, wanafunzi wamejaa, rangi za maji zilizokuwa kabatini zimekauka zimepasukapasuka. Ikabidi nitafute kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya kwa penseli, rula, kifutio na makapeni moja ya kupokezana na wenzake wa dawatini. Ndio nikawaza majina. Kila mtu analo, halinunuliwi, na hakuna mtoto wa kidato cha pili ambaye hapendi kuliona jina lake kubwa.

Maelekezo yalikuwa hivi: chukua jina lako, liandike kwa staili ya grafiti, yale maandishi ya kuchorwa ukutani, likae manila nzima, na ndani ya hilo jina uingize chata yako, yani alama moja ambayo ni yako peke yako, sio ya timu, sio ya kampuni, sio ya msanii unayempenda.

Mkono ukanyooka palepale. Madam, hii si ndio ile ya wahuni?

Nikamjibu ndio, kwa sehemu. Sipendagi ile tabia ya kuwasafishia watoto historia mpaka inabaki haina ladha. Nikawaambia ilivyokuwa: mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Philadelphia kule Marekani walianza kuandika majina yao ukutani, New York nao wakaingia, na huko akatokea kijana mmoja wa familia ya Kigiriki anajiandika TAKI 183. Taki ni kifupi cha Demetrius, 183 ni namba ya mtaa wake, basi, hakuna fumbo lolote. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na vifurushi mjini, na kila anakopita anaacha jina. Julai 1971 gazeti la New York Times likaandika habari zake na baada ya hapo kila kijana akataka na yeye ajulikane, wakahamia kwenye treni, ndani na nje, mabehewa mazima yakapakwa rangi usiku. Haikuwa ruhusa. Watu walikamatwa. Serikali ya kule ilipambana nao miaka na miaka mpaka Mei 1989 ndio mamlaka ya usafiri ikatangaza treni zote zimesafishwa.

Darasa lilisikiliza kimya, kitu ambacho kwenye ngeli za nomino sijawahi kukipata. Halafu mmoja akasema, kumbe alikuwa bodaboda wa vifurushi! Wakacheka, lakini ndio ukweli, na hapo wakamuelewa Taki kuliko mimi nilivyokuwa nimemueleza.

Wakataka na wao namba. Mwaka 2022 kwenye ile operesheni ya anwani za makazi nyumba nyingi zilibandikwa vibao vya namba, kwahiyo waliokuwa wanazikumbuka namba zao wakaziweka. Ila mtoto anayeishi juu kwenye mawe, njia ya kwenda kwao ni ya kupanda kwa mikono na miguu, namba ya nyumba haimwambii kitu. Huyo akaandika Igogo tu. Mwingine akaandika ruti ya daladala anayopanda. Mwingine akaandika jina lake halafu neno JUU, nikamuuliza juu wapi, akanionesha kwa kidevu dirishani, kule mlimani. Nikamwacha, nilishamuelewa.

Sasa herufi. Hapa ndipo nilipotaka wapate jasho, mana watu wanadhani grafiti ni kuchoravuruga. Tulianza na zile herufi nono, zilizovimba kila upande. Jamaa mmoja wa Bronx, hukohuko New York, aliyejiita PHASE 2 ndio anatajwa sana kuwa alizianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaandika jina kwanza kwa penseli, kwa wepesi kabisa, herufi kubwa za kawaida, zimeachana. Hiyo ni mifupa. Halafu unaizungukia kila herufi kwa mstari wa pembeni, unaipa nyama, upana uleule kila sehemu, na pale zinapokutana unaamua ipi iko mbele na ipi imekaliwa. Ukimaliza unafuta mifupa. Ukiacha mifupa haraka, yani ukitaka kuruka moja kwa moja uchore nyama, S yako itatoka kichwa kikubwa mkia mdogo, na wote walioruka walitoka hivyohivyo, niliwarudisha.

Kivuli nacho kilitutesa. Sheria ya kivuli ni moja, amua jua liko wapi, basi herufi zote zitupe kivuli upande mmoja. Wanaelewa ukisema, wakichora wanasahau, M kivuli kushoto, A kivuli kulia. Nikawatoa nje jioni. Jua liko upande wa ziwani linashuka, vivuli vyao vyote vimelala kuelekea Nyakato, nikawaambia mtafuteni hapa mtu mmoja ambaye kivuli chake kimelala kwingine. Waliporudi darasani walirekebisha wenyewe bila mimi kupita na kalamu nyekundu.

Kuna mambo ya majina yetu ambayo nadhani Mmarekani hakuwahi kuhangaika nayo. Sisi tuna irabu nyingi. Mtu anaitwa Baraka, ana A tatu. Anaitwa Neema, E mbili zimekaa pamoja kabisa. Je A zote zifanane? Ukizifanya sawasawa jina linakuwa kama limepigwa muhuri, ukizifanya kila moja na yake linasambaratika. Tulibishana sana, tukaishia kukubaliana unene na mwinamo viwe vilevile ila moja inaruhusiwa kufanya vituko, iwe ndefu, iwe na mguu uliotoka nje, au ibebe ile chata.

Halafu kuna Ng'. Huku Usukumani majina ya Ng'w yapo mengi, na kile kialama cha juu ni kidogo, ukikivimbisha kinaonekana kama uchafu umedondokea karatasi. Kuna kijana wa ukoo wa hivyo alikifuta akakirudisha mpaka manila ikatoboka. Mwisho akakigeuza ndoano. Kialama chenyewe tayari kimejikunja, akakiongezea kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke na kijikamba kinachopanda juu mpaka mwisho wa karatasi, mana baba yake anavua sangara kwa ndoano. Hapo alikuwa amemaliza kazi mbili kwa mpigo, herufi na chata, na akawa anapita madawati ya wenzake kuwaonea huruma.

Tuje kwenye chata sasa, kwa upande wangu hii ndio kazi yenyewe. Ukimwambia mtoto chora alama inayokuwakilisha wewe, unapata nini? Unapata moyo. Unapata mpira, taji, alama ya dola, kile kialama cha Nike, na simba wengi sana, nusu ni wa klabu na nusu ni wa kina Mashimba ambao angalau wana haki, kwa Kisukuma shimba ndio simba. Sio kwamba hawana akili. Ukimuuliza mtu wewe ni nani, hata mtu mzima, anakwambia kitu alichokiona kwingine. Taji tu nilikuwa na la kuwaambia: lile la ncha tatu lina mwenyewe, Jean-Michel Basquiat, aliyeanza kwa kuandika kuta za New York kabla picha zake hazijaingia kwenye majumba ya sanaa, kwahiyo ukichora taji watu wanamuona yeye, wewe hawakuoni.

Nikawaambia pia habari za Keith Haring, msanii mwingine wa New York, ambaye kuanzia mwaka 1980 alikuwa anashuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi na chaki nyeupe. Kule tangazo likiisha muda walikuwa wanalifunika kwa karatasi nyeusi, yeye ndio anachora hapo, harakaharaka kabla askari hajafika. Mtoto mchanga anatambaa, mistari ya mwanga imemzunguka, basi, mtu yeyote akipita anajua ni nani alikuwa hapa. Kwenye hilo nikatoa sharti: chata yako uweze kuichora kwa sekunde kumi, na mwenzako wa pembeni aitambue bila kuambiwa. Ikiwa inahitaji maelezo imefeli.

Na swali nikalibadilisha. Sikuuliza wewe ni nani. Niliuliza, tangu umeamka leo mpaka umefika hapa, mikono yako imeshika nini?

Wakanyamaza kidogo, wengine wakaangalia viganja vyao kabisa. Halafu vikaanza kuja. Dumu. Ufagio wa chelewa. Funguo za duka la mjomba. Mwiko wa kugeuzia vitumbua. Mkono wa mdogo wake anayempelekaga shule kabla hajaja ya kwake. Cheni ya baiskeli, huyu alionesha na kucha zake zina grisi. Mmoja akachora karabai, nikamwambia si siku hizi wavuvi wa dagaa wanatumia taa za sola, akasema ndio madam, karabai imebaki nyumbani naifutaga vumbi, ni ya babu. Mwingine akachora duara tupu, nikajua hajaelewa, kumbe ni mwezi mpevu: dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mwezi ukijaa mwanga wa taa haufanyi kazi vizuri, wavuvi wanapumzika, na hizo ndio siku baba yake analala nyumbani. Nikamwambia uongeze kitu, duara peke yake hatukuoni. Akaongeza viatu viwili chini yake.

Kuna binti mmoja, mama yake anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, yeye akasema beseni. Akalichora kwa juu, duara. Mwenzake akasema mpira. Akachora duara ndani ya duara, mwenzake akasema tairi, wa nyuma akasema chapati. Akalichora kwa ubavu, likawa bakuli. Akakasirika, akaweka penseli chini. Nikamuuliza hilo beseni la mama likoje hasa, akasema ni la bluu, nikamwambia rangi hatuna, likoje, akasema lina ufa umeshonwa. Umeshonwa na nini? Na uzi wa nyavu. Mnajua plastiki ikipasuka, unatoboa vitundu pande mbili za ufa kwa msumari wa moto unapitisha uzi, inashika miaka. Akachora nusu duara, ufa mmoja umeshuka kutoka ukingoni, na mishono mitatu inaukata. Mwenzake alisema beseni kabla hajamaliza mshono wa tatu.

Alivyoitumia sasa. Jina lake lina A mbili na E moja, zile fimbo za katikati za herufi zote akaziondoa akaweka mishono. Jina zima likawa linaonekana limeshonwa kwa mkono. Mimi sikumfundisha hilo, na nimeangalia picha nyingi za grafiti kwenye simu yangu tangu hapo sijaona mtu kafanya.

Kabla mtu hajasema haya mambo ya alama ni ya kuiga Wazungu, hapahapa kwetu Bayeye, wale wa chama cha nyoka, walikuwa wakichora kutani ndani ya nyumba zao za kufundishia wanachama, manyoka na viumbe wengine, na anayefundishwa alikuwa anajifunza kwa kuziangalia hizo picha. Na ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa utaona banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Yani kiti kimekuwa nyumba. Nilitamani kuwapeleka lakini nauli za darasa zima ni habari nyingine, tuliangalia picha.

Kuna chata moja ilileta mzozo. Kijana mkimya, akachora X. Nikadhani kanidharau, X inachoreka kwa sekunde moja. Akasema ni nyekundu madam. Darasa likaelewa kabla yangu, nyumba yao ilipigwa ile X ya kubomolewa, barabara inapanuliwa, na X iko pale ukutani muda mrefu, nyumba haijabomolewa, fidia haijaja, wanaishi na X. Mwenzake mmoja akapinga, akasema hiyo sio chata yake, ni ya waliokuja kuiandika, na sheria ni alama iwe yako. Hoja nzito, sikuwa na jibu la haraka. Mwenyewe akajibu, ukiulizia kwetu mtaani unaambiwa nyumba yenye X, kwahiyo ni anwani yangu. Nikakumbuka Taki na 183 yake nikasema inapita. Aliiweka kwenye tundu la O, nyembamba, kwa makapeni nyekundu ambayo aliinunua mwenyewe dukani, na ndio rangi pekee kwenye karatasi yake.

Kazi zilipokaribia kuisha nikamuita fundi mmoja anayeandika majina ya mitumbwi pale mwaloni, mzee wa makamo, alikuja na kikapu cha brashi na makopo yaliyobaki rangi ya mafuta chini. Rangi ya mafuta hiyohiyo ya madukani, ukoo mmoja na ile ya kupakia baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga alichorea kwenye vibao Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1972, na vile vibao nasi tukavipata, vipande vya silingibodi vilivyobaki kwenye ujenzi wa jirani.

Fundi akapita akiangalia manila ukutani, mikono nyuma. Akafika kwenye moja ambayo herufi zimesokotana zina mishale, mwenye nayo anajiona bingwa wa darasa, na kwakweli mkono anao. Fundi akauliza, hapa pameandikwa nini? Akaambiwa. Akasema, mwanangu, mtumbwi ukiwa unarudi alfajiri, mke wa mvuvi amesimama mchangani anataka ajue kama ni wa mume wake au sio, wewe hapa unataka aje mpaka akishike? Darasa likapiga kelele. Lakini kijana hakuwa mnyonge, akajibu kwa adabu, shikamoo mzee, mimi hii sijamwandikia kila mtu, nimewaandikia wanaonijua.

Nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi hii, mana huo ndio mgogoro wenyewe wa grafiti, wameubishania New York miaka hamsini nyuma na hawakuumaliza. Msimamo wangu mimi uko karibu na wa fundi. Herufi ngumu kusoma nazipenda kuziangalia, ila mtoto wa kidato cha pili ambaye hajaweza kuandika A inayosomeka kutoka getini asijifiche kwenye mishale. Ajifunze kwanza kusomeka, akitaka kujificha baadaye atajificha kwa ustadi. Fundi mwenyewe hakubishana zaidi. Akachukua uzi, akaupaka chaki, akamwambia yule kijana ashike ncha moja, akauvuta na kuuachia kwenye kibao, pap, mstari umenyooka. Akaonesha wa chini, wa juu. Akasema kwenye mtumbwi mbao zimepinda, kwahiyo herufi za kuelekea puani anazinenepesha kidogo, ukizisogelea zinaonekana kasoro, ukiwa mbali ziko sawa. Kijana wa mishale ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Gharama, kwa walimu watakaoniuliza: manila, makapeni, basi. Spreya tuliiacha kabisa, mkebe mmoja unakula hela ya manila za wanafunzi wengi, na harufu yake sio ya kufungia watoto darasani. Mkuu wa shule alitaka neno grafiti lisionekane kwenye taarifa, tukaandika uandishi wa mapambo, akasaini. Vibao tumevipigilia upande wa darasa unaoangalia uwanjani. Madawati bado yanachimbwa, sitawadanganya.

Yule binti wa beseni alienda nyumbani na rangi nyeupe kidogo aliyopewa na fundi, akaichora chata yake kwenye mabeseni yote ya mama, mana pale Mwaloni mabeseni ya bluu yako mengi na kila jioni kuna ugomvi hili langu hili langu. Wiki haijaisha majirani wa mama wakataka na wao, lakini hawataki beseni, mmoja anataka jogoo, mwingine anataka herufi zake mbili nono. Akaja kuniuliza achaji bei gani. Nikamwambia mimi mwalimu wa Kiswahili, kamuulize fundi. Fundi akamwambia beseni ni buku, jogoo ni buku mbili kwasababu ana mkia, rangi ile nyeupe ikiisha anunue ya kwake, na yule wa herufi mbili alipe kwanza, yeye anamdai tangu jina la mtumbwi wa mume wake.